Akiba ya picha huoza: Tujue kuchagua kadi za kamera

Wahenga walituachia wosia kwamba akiba haiozi. Wosia huo ni wa kweli kwa nafaka iliyokaushwa vyema na kutiwa ghalani, na ni wa kweli kwa fedha zilizowekwa mahali pa amani. Hata hivyo, ipo akiba moja ya zama zetu ambayo huoza, tena huoza kimya kimya, bila harufu wala funza, na mwenyewe asitambue mpaka siku anapoihitaji. Akiba hiyo ni picha tunazozipiga kwa kamera za dijitali kisha tukaziacha ndani ya kipande kidogo cha plastiki kiitwacho kadi ya kumbukumbu.

Jambo hili si la wapigapicha wa arusi na magazeti peke yao. Katika shule nyingi humu nchini, kamera imekuwa chombo cha kazi mithili ya chaki na ubao. Chama cha wanahabari chipukizi huitumia katika mashindano ya michezo na katika tamasha za muziki na drama. Mwalimu wa sayansi huyapiga picha majaribio ya maabarani. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, walimu wengi wamejikuta wakihifadhi picha na video za kazi za wanafunzi ili ziwe ushahidi wa yale waliyoyatenda. Naye mwanafunzi wa fasihi simulizi huenda nyanjani, akaketi mbele ya bibi kizee, akamrekodi akitamba ngano ambazo huenda hakuna mwingine kijijini azikumbukaye.

Hebu tumtafakari huyo wa mwisho. Picha za mashindano ya mbio zikipotea, mwaka ujao kutakuwa na mbio nyingine. Lakini ngano za bibi wa miaka tisini zikipotea, ni nani atakayezitamba upya? Yamkini mwanafunzi atakaporudi kijijini muhula unaofuata, atakuta kaburi. Hasara ya namna hii haina fidia, na haijali kama kamera iliyotumika ilikuwa ya bei ghali ama rahisi.

Ajabu ni kwamba shule inapotaka kununua kamera, kamati huketi, bei hulinganishwa, na mwalimu mkuu hutia sahihi. Inapofika zamu ya kadi, mtu yeyote anayekwenda mjini huagizwa aje nayo, mradi iwe ya bei nafuu na iandikwe namba kubwa. Huku ni sawa na kuchimba kisima kwa gharama kubwa kisha kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Hoja yangu ni moja. Kadi ya kuaminika haitambulikani kwa maandishi yaliyo juu yake. Hutambulikana kwa mahali ilikonunuliwa, kwa jaribio ililolipita, na kwa mkono wa yule anayeitumia. Na hata ile iliyo bora kupita zote haistahili kuachiwa peke yake amana isiyoweza kupatikana mara ya pili.

Ili tuielewe hoja hii, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Enzi za filamu, mpigapicha alikuwa na nafasi ya picha 36 katika mkanda mmoja. Akishazimaliza, mkanda ulitolewa, ukasafishwa, na negativu zake zikatiwa bahashani. Mkanda ule ule ulioipokea picha ndio ulioihifadhi. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake ziliizindua dunia kuhusu njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984, alifariki mwaka wa 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro. Picha alizozipiga tangu miaka ya 1960 zingali zikitazamwa hadi leo, kwa kuwa zilikuwa kwenye filamu na filamu hizo zikatunzwa kwa utaratibu.

Kadi ya kumbukumbu ni kinyume cha filamu. Imeundwa ili ijazwe, imwagwe, kisha ijazwe tena. Filamu ilikuwa ghala. Kadi ni kikapu cha kubebea mavuno kutoka shambani. Makosa mengi tunayoyatenda yanatokana na kukifanya kikapu kuwa ghala.

Chombo hiki chenyewe hakikuzuka kwa siku moja. Mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak ya Marekani alipounda kamera ya dijitali mwaka wa 1975, picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kanda ya kaseti. Teknolojia itumikayo katika kadi za leo ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani. Aliitangaza mwaka wa 1984, na aina yake iliyokuja kuenea kwenye kadi ikafuata mwaka wa 1987. Kampuni ya SanDisk ilitoa kadi ya CompactFlash mwaka wa 1994. Baadaye zikaja SmartMedia, Memory Stick ya Sony, na xD ya Olympus na Fujifilm. Kadi ya SD, iliyotangazwa mwaka wa 1999 na kampuni za SanDisk, Toshiba na Matsushita, ambayo sasa ni Panasonic, ndiyo iliyowabwaga wapinzani wake wengi. Leo hii mtu aliyeacha picha zake kwenye kadi ya xD atahangaika kupata hata kifaa cha kuisoma. Hili ni funzo la kwanza: kadi yaweza kuwa nzima, picha zikawa salama ndani yake, na bado mlango wa kuingilia ukawa umepotea.

Ndani ya kadi mna chipu ya silikoni iliyogawanywa katika vyumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni. Kuhifadhi picha ni kufungia elektroni ndani ya vyumba hivyo. Kuifuta ni kuzitoa. Kila zinapoingizwa na kutolewa, kuta za vyumba huchakaa kidogo, mpaka siku inapofika ambapo chumba hakiwezi tena kuzizuia elektroni zake. Hata kadi isiyotumiwa haina amani ya milele, kwani elektroni huvuja polepole jinsi miaka ipitavyo, na joto huzidisha kasi ya uvujaji huo. Kadi iliyosahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Garissa au Lodwar haimo katika hali sawa na ile iliyo ndani ya kabati lenye ubaridi.

Isitoshe, tamaa ya kupata kadi kubwa kwa bei ndogo imebadilisha matumizi ya vyumba hivyo. Zamani kila chumba kilihifadhi biti moja, yaani chumba kilikuwa ama kimejaa ama ni kitupu. Siku hizi aghalabu huhifadhi biti tatu, jambo linaloilazimu chipu kutofautisha viwango 8 vya elektroni ndani ya chumba kimoja. Zipo pia chipu za biti nne, na hizo hulazimika kutofautisha viwango 16. Mwalimu wa hisabati atatambua mara moja kwamba jinsi viwango vinavyoongezeka, ndivyo nafasi kati ya kiwango na kiwango inavyopungua, na ndivyo kosa dogo linavyoweza kugeuza tarakimu. Kwa sababu hiyo, chipu za namna hii huvumilia kuandikwa na kufutwa mara chache kuliko zile za kale.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Pamoja na chipu ya kuhifadhia, kila kadi ya SD ina kidhibiti, ambacho kwa hakika ni tarakilishi ndogo. Kazi yake ni kuvificha vyumba vilivyoharibika, kugawa kazi ili vyumba vichache visichakae mapema, kurekebisha makosa, na kuijibu kamera inapouliza: una nafasi kiasi gani? Mwezi Disemba mwaka wa 2013, katika kongamano moja mjini Hamburg, Ujerumani, wahandisi Andrew Huang na Sean Cross walionyesha kwamba kidhibiti cha baadhi ya kadi chaweza kuandikiwa maagizo mapya na mtu wa nje. Maana ya ugunduzi huo kwa mnunuzi wa kawaida ni hii: kamera haiipimi kadi. Kamera huisikiliza kadi ikijieleza, kisha ikaisadiki.

Hapo ndipo walaghai walipopata mwanya. Huchukua kadi yenye nafasi ya gigabaiti 8, wakaiagiza kwa hila iseme ina 128, wakaichapa jina la kampuni mashuhuri na kuitia katika pakiti inayopendeza. Ukiitia kwenye kamera, kamera itakuonyesha nafasi ya maelfu ya picha. Ukiitia kwenye tarakilishi, nayo itasadiki. Picha za mwanzo zitaandikwa barabara, na hata ukizitazama utaziona safi. Lakini zile gigabaiti 8 za kweli zikishajaa, kila kinachofuata ama kitaandikwa juu ya kilichotangulia ama kitatupwa pasipo mahali. Kamera haitalalamika. Majina ya faili yataonekana yote kwenye orodha. Ni vilivyomo tu ambavyo havipo.

Chukua mfano wa yule mwanafunzi wetu wa fasihi simulizi. Siku ya kwanza anarekodi nyimbo za kuwabembeleza watoto, anakagua, anaridhika. Siku ya pili anarekodi ngano, siku ya tatu vitendawili na mawaidha ya bibi. Anarudi shuleni, anafungua faili: nyimbo zimefutika, ngano zimekatika, na mawaidha ni kiza kitupu. Hakuna alilokosea katika kuishika kamera wala katika kuuliza maswali. Alidanganywa na kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa stempu.

Je, twawezaje kuutambua ulaghai huu? Wapo wanaoshauri tutazame maandishi kama yamepinda, rangi kama imefifia, au namba zilizo nyuma ya kadi. Ushauri huo una manufaa yake, lakini si kinga, kwa maana walaghai nao wana mashine nzuri za kuchapia. Njia ya kutegemewa ni moja: ijaze kadi pomoni kwa data inayojulikana, kisha uisome yote na ulinganishe. Zipo programu za bure zinazofanya kazi hiyo. H2testw, iliyotoka Ujerumani, hutumika kwenye tarakilishi za Windows. F3, iliyoandikwa na Michel Machado, hutumika kwenye Linux na Mac. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Kadi ya gigabaiti 64 ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde, kuijaza tu kutachukua takriban dakika 53, na kuisoma tena ni muda mwingine. Lakini hiyo ni kazi ambayo mwalimu wa somo la tarakilishi aweza kuianzisha kabla ya chakula cha mchana na kuikuta imekwisha jioni. Kadi mpya isiyopitia jaribio hili isipelekwe nyanjani asilani.

Ni vyema pia tusiishuku kadi halali bure. Watengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali tarakilishi nyingi huhesabu kwa vipeo vya mbili. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 itaonekana kuwa na 29.8 hivi, na ile ya 64 itaonekana kuwa na takriban 59.6. Pengo hilo ni la hesabu tu, si la wizi.

Baada ya uhalali, tuje kwenye maandishi yanayowatatiza wengi. Kadi za SD zimegawanywa kwa ukubwa. Zile za asili ziliishia gigabaiti 2. Zilizoandikwa SDHC, za kuanzia mwaka wa 2006, huishia gigabaiti 32. SDXC, zilizotangazwa mwaka wa 2009, zaweza kufika terabaiti 2. Umbo lao ni moja, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kamera kuukuu iliyotolewa shuleni kama msaada yaweza kuikataa kadi ya SDXC hata kama inaingia vizuri mlangoni mwake. Kabla ya kwenda dukani, soma kijitabu cha kamera au utazame alama zilizo kando ya mlango wa kadi. Kuuliza si ujinga.

Kisha kuna alama za kasi. Namba 10 iliyo ndani ya herufi C, namba 1 iliyo ndani ya herufi U, na alama V10, zote zina maana kwamba kadi inaahidi kuandika kwa kasi isiyopungua megabaiti 10 kwa sekunde. U3 na V30 huahidi megabaiti 30. V60 na V90 huahidi 60 na 90. Zile namba kubwa zilizochapwa kwa madoido, mathalani 170 au 200, aghalabu ni kasi ya kusoma, tena ya juu kabisa, wala si ahadi ya kuandika. Atakaye kurekodi video na asome alama ndogo, si namba kubwa.

Tufanye hesabu kidogo. Kamera inayorekodi video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kadi ya V30 basi inatosha na kusaza. Shule inayonunua V90 kwa kamera ya namna hiyo inalipia mbio ambazo kamera yake haiwezi kuzikimbia. Na izingatiwe kwamba kasi si uaminifu. Matatu yaendayo kasi si lazima yawe ndiyo yafikayo salama.

Kuhusu ukubwa, wajuzi hawajaafikiana. Wako wanaosema ni heri kuwa na kadi kadhaa ndogo, ili moja ikiharibika zisipotee kazi zote. Wako wanaojibu kwamba kadi nyingi hupotea mifukoni, na kila kuchomoa na kuchomeka ni nafasi ya kuharibu. Kwa upande wangu, naona shule inafaa kufuata kauli ya kwanza, lakini kwa kiasi. Picha ya kawaida ya kamera ya megapikseli 24 aghalabu haizidi megabaiti 10 au 12. Kwa kipimo cha megabaiti 10, kadi ya gigabaiti 32 itabeba picha zipatazo 3,000. Ni tamasha gani la shule linalohitaji zaidi ya hizo kwa siku moja? Kadi mbili za 32 zilizo halali zitaifaa shule kuliko moja ya 256 isiyojulikana baba wala mama.

Nasaha nyingine ni kuhusu kadi ndogo za simu, ziitwazo microSD, ambazo huvishwa gamba la plastiki ili zitoshe kwenye kamera. Gamba hilo huongeza viungo vya umeme, na kila kiungo ni mahali pa kulegea. Kamera yenye mlango wa SD kamili na ipewe SD kamili.

Sasa, tununue wapi? Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kadi inayotembezwa kwenye steji ya matatu, bila risiti wala anwani ya muuzaji, kwa bei iliyo robo ya ile ya madukani, imekwisha kujieleza. Sisemi kwamba kila mchuuzi ni mlaghai, wala kwamba kila duka la Luthuli Avenue jijini Nairobi ni la kushukiwa au la kuaminiwa. Mchuuzi mwenyewe huenda alidanganywa na aliyemuuzia. Ninachosema ni kwamba mnunuzi aulizie duka lililoidhinishwa na kampuni husika, adai risiti yenye jina la duka na aina ya kadi, na akubaliane na muuzaji kwamba kadi ikishindwa katika jaribio itarudishwa. Muuzaji mwenye bidhaa halali hatakuwa na sababu ya kuyaogopa masharti hayo.

Sheria nayo haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari za kumwezesha kunufaika nazo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 ikaongezea nguvu haki hiyo. Lakini haki isiyo na risiti ni vigumu kuitetea. Karatasi ile ndogo tunayoitupa mlangoni mwa duka ndiyo shahidi wetu wa kwanza.

Najua atatokea mwalimu mkuu aseme: haya yote ni maneno ya wenye nacho, shule yangu haina hata madawati ya kutosha. Malalamiko yake ni ya haki, lakini hayaipingi hoja yangu. Sishauri shule itumie fedha zaidi. Nashauri inunue namba ndogo iliyo ya kweli badala ya namba kubwa iliyo ya uongo. Anayenunua gigabaiti 128 bandia na kupata 8 hakuokoa chochote.

Atatokea mwingine aseme kwamba zama za kamera zimepita, kila mtu sasa ana simu. Ni kweli kwamba simu imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kamera. Hata hivyo, simu nyingi za bei ya wastani hutumia kadi zizi hizi, na zile zisizotumia kadi zina chipu ya ukoo ule ule, tena isiyochomoleka simu inapovunjika. Wanaotegemea hifadhi ya mtandaoni nao hulazimika kununua data, na video za saa moja kutoka kijijini kwenye mtandao hafifu zaweza kuchukua usiku kucha kupanda. Swali la mahali pa kuweka amana halikuondoka kamera ilipogeuka simu.

Kadi ikishapatikana, inabaki adabu ya kuitumia. Ifomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye tarakilishi, baada ya kuhakikisha kwamba kila kilichomo kimenakiliwa. Usiichomoe wakati taa ya kamera ingali inamulika, maana hapo kidhibiti kimo katikati ya sentensi. Haraka haraka haina baraka. Usiendelee kurekodi hadi betri izimike yenyewe. Kadi isiyo kazini ikae ndani ya kijisanduku chake, mbali na vumbi na chenji za mfukoni. Kadi iliyowahi hata mara moja kuleta ujumbe wa hitilafu bila sababu ijulikanayo, istaafishwe. Tusiipe nafasi ya pili kwenye kazi isiyo na nafasi ya pili.

Ikitokea picha zimefutwa kwa bahati mbaya, jambo la kwanza ni kuacha kuitumia kadi papo hapo. Faili ikifutwa, aghalabu kinachoondolewa ni jina lake kwenye orodha; vilivyomo hubaki mpaka viandikwe juu. Programu ya bure ya PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, imewarudishia wengi picha walizokwisha kuzililia. Lakini ukweli huo una upande wa pili: kadi iliyofutwa kijuujuu kisha ikauzwa au kugawiwa huenda ingali na sura za watoto wa watu. Shule na izingatie hilo kabla ya kuitoa kadi yoyote nje ya lango lake.

Adabu kuu kuliko zote ni kunakili. Peter Krogh, mpigapicha wa Marekani, alieneza kanuni ambayo sasa inafuatwa na wengi: kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mahali pengine. Kwa shule yetu ya mfano, nakala ya kwanza iwe kwenye tarakilishi ya chumba cha walimu, ya pili kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na ya tatu nje ya shule, iwe mtandaoni au katika ofisi nyingine, ili moto au wizi usivimalize vyote kwa usiku mmoja. Kadi yenyewe haihesabiwi katika tatu hizo, kwa kuwa kesho itafutwa na kujazwa mengine. Na hapa methali nyingine inatufaa: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kadi iandikwe namba, na daftari lionyeshe ilinunuliwa lini na wapi, ilijaribiwa na nani, na picha zake zilinakiliwa siku gani. Daftari la shilingi chache na kalamu vyatosha.

Walimu wenzangu, humu mna somo zaidi ya moja. Jaribio la kuijaza kadi na kuisoma ni jaribio la kisayansi lenye dai, kipimo na matokeo. Wanafunzi walifanye wenyewe na waandike ripoti. Hesabu ya biti na baiti ni hisabati hai. Elektroni zinazovuja ni fizikia. Risiti na kifungu cha 46 ni uraia. Na nyinyi wanafunzi, mtakapotumwa nyanjani, msiulize tu kama kamera ina betri. Ulizeni kadi imetoka wapi, imejaribiwa na nani, na jioni mtanakili wapi. Mkikosa jibu la swali hata moja kati ya hayo, ahirisheni safari kwa siku moja.

Bibi anayekubali kuketi mbele ya kamera na kutoa yaliyomo kifuani mwake hajui habari za vidhibiti wala gigabaiti, wala hana haja ya kuzijua. Yeye ametuamini. Wajibu wa kuhakikisha kwamba maneno yake yamefika salama ni wetu sisi tulioshika kamera, na wajibu huo huanzia kwenye kaunta ya duka, siku tunapochagua kadi. Tahadhari kabla ya hatari.